Mama Mkwe wa Peikang

"Wapendanao, kitanda chenu chenye umbo la moyo kiko tayari. Karibuni Kenting."

Ujumbe uliingia Bi Yen akiwa anamenya vitunguu saumu. Akausoma, akaufuta, akazima jiko.

Kwa mafumbo ya Idara ya ujasusi, kitanda: kuna mtu yuko hatarini kutekwa. Umbo la moyo: nenda na mume.

Tatizo, mume hakuwa naye.

Idara ikampa mmoja. Aliitwa Lai, fundi wa mitambo, mtu mzima mwenye kipara na kitambi, ambaye hata lifti humtapisha. Walikutana stesheni ya Kaohsiung, wote wawili wamevaa mashati ya minanasi yaliyofanana, kama wafanyavyo wapenzi wote waendao fukwe za Kenting.

"Nasikia tumeoana," Lai akasema.

"Miaka thelathini sasa. Na umenichosha."

"Haya, mama watoto. Nibebee basi hata mfuko mmoja."

"Una mikono miwili, baba watoto. Itumie."

Mkuu wa Idara alikuwa amemweleza Bi Yen bila kupepesa macho kwamba hii ndiyo kazi yake ya mwisho. "Kaa kando, tazama, toa taarifa. Kukimbizana waachie vijana." Bi Yen alitabasamu tu. Waliomjua vizuri walikuwa wakiliogopa tabasamu lile kuliko bastola yake.

Wa kulindwa alikuwa Peng Ya-wen, mhandisi. Kichwani mwa binti huyo mlikuwa na ramani nzima ya mtambo wa kusikiliza nyambizi. Genge linalouza watu wenye siri kwa serikali yoyote yenye fedha lilipanga kumteka wiki hiyo, akiwa likizo ufukweni na mchumba wake. Atakayemteka ni nani, na kwa njia gani, Idara haikujua. Ilijua jambo moja tu. Akishavushwa bahari, harudi.

Mchumba aliitwa Kuan. Mrefu, meno meupe, suti ya kitani. Idara ilimchunguza mara mbili. Safi.

Safi mno, alijisemea Bi Yen, lakini alinyamaza.

Wakaanza kazi. Wale vijana wakipanda skuta moja wamekumbatiana, wazee nao wapo nyuma kwenye skuta ya SYM ya kukodi, Lai kashika kiuno cha Bi Yen huku amefumba macho. Wale wakienda kukandwa miguu, wazee wako viti viwili pembeni, Lai analia kwa kutekenywa. Wakapiga picha penye mnara wa taa wa Eluanbi. Wakalishana ngisi wa kuchoma kwenye kijiti kimoja. Wakatazama jua likizama Guanshan, na Bi Yen akalazimika kulaza kichwa begani kwa Lai.

"Unanuka dawa ya mbu," akamnong'oneza.

"Na wewe unanuka baruti. Tumeumbiana."

Watu wa kutiliwa shaka hawakuonekana. Si wapiga mbizi, si wauza shanga, si hata Mjerumani mmoja wa chumba cha jirani. Siku mbili zikapita. Bi Yen akaanza kuwashwa viganja, na viganja vyake havijawahi kumdanganya.

Siku ya tatu, wakiwa kwenye kifungua kinywa, Ya-wen alienda kuchota uji. Kuan akabaki mezani na wazee, anajipendekeza.

"Shangazi, leo tunapiga picha za harusi. Pale ufukweni."

"Leo?"

"Leo. Mama yangu ndiye aliyechagua siku. Sisi ni watu wa Peikang, shangazi, mji wa mahekalu, mama ni mtu wa hekalu. Alikwenda mwenyewe, akapiga magoti, akaiuliza miungu. Akaambiwa leo ndiyo siku ya baraka."

Bi Yen alitafuna kachumbari yake taratibu. Nje ya dirisha wafanyakazi wa hoteli walikuwa wakipanga meza ndefu: bata, mananasi, bia, maboksi ya biskuti, udi. Chini ya meza, beseni jipya la maji na taulo, ili mizimu inawe uso kabla ya kula. Barabara nzima ilikuwa na meza kama hizo.

Kumi na tano ya mwezi wa saba, kwa kalenda ya mwandamo. Katikati kabisa ya Mwezi wa Mizimu, wafu wanapotembea duniani, na mtu wa hekalu hathubutu kufanya la harusi wala kuingia baharini.

"Mama yako ana bahati kupata mtoto msikivu," akasema, akanyanyuka.

Alipofika kwenye ngazi alibonyeza kifaa cha sikioni, kile kilichofanywa kifanane na cha mzee asiyesikia vizuri.

"Mkuu. Ni mchumba."

"Ushahidi?"

"Anadai mama yake kamchagulia leo kupiga picha za harusi."

"Yen, mwezi huu picha ni nusu bei. Vijana wa leo hawajali mizimu."

"Vijana, sawa. Mama wa hekalu wa Peikang? Mama wa Peikang angemfungia mwanawe chumbani, ufunguo akaumeza! Yule hana mama Peikang. Kasomeshwa kila kitu, hili hakusomeshwa."

"Unataka nimwambie waziri nimemkamata mtu kwa sababu ya mizimu?"

"Mwambie ni mimi niliyemkamata."

"Usimguse. Tutamchunguza upya wiki ijayo. Hiyo ni amri."

"Wiki ijayo binti atakuwa wapi, Mkuu?"

"Amri, Yen!"

"Sikusikii. Mawimbi."

Bahari ilikuwa imetulia kama maji ya beseni. Bi Yen akachomoa kifaa, akakitia mfukoni. Akachukua mwavuli wake wa jua, wa pinki, wenye marinda. Ncha yake ilikuwa na umeme wa kumlaza ng'ombe.

"Tumekatazwa?" Lai akauliza.

"Mimi nimekatazwa. Wewe hujaambiwa kitu."

"Basi twende, kabla hawajaniambia."

Ufukweni hapakuwa na mtu majini. Wenye boti za ndizi, zile za mpira za kuburuta watalii, walikuwa wamefunga kazi, wamesimama mbele ya meza zao na udi mikononi. Ya-wen alikuwa katikati ya mchanga, kwenye gauni jeupe la kukodi. Kwa mbele lilimkaa kama malkia. Kwa nyuma, aibu tupu: gauni kubwa mno, limekazwa kwa vibanio vya plastiki kuanzia mabegani hadi kiunoni, kama wafanyavyo wapiga picha wote. Chini yake alivaa kaptula, fulana na ndala.

"Moja ya mwisho!" Kuan alipaza sauti. Kando yake ilielea pikipiki ya maji, Yamaha nyeusi, mpya. "Mimi na bibi harusi wangu baharini!"

Mpiga picha, mama mmoja wa mji jirani wa Hengchun, alitikisa kichwa. "Baharini leo? Mimi siendi. Nipeni hata dhahabu."

"Huendi wewe. Tunakwenda sisi. Piga ukiwa hapo hapo."

Lai alikuwa ameweka darubini machoni. "Mama watoto. Boti nyeupe, mbali kule. Haina wavuvi. Imezima injini, inasubiri."

Bi Yen akaushika vizuri mwavuli wake. Akatembea. Hakukimbia, maana mzee akikimbia watu hugeuka.

"Binti! Hebu nikuone. Umependeza, mwanangu."

"Asante, shangazi."

"Mama mkwe wako umeshamwona?"

Ya-wen alicheka. "Kwa simu tu. Anasumbuliwa na magoti, hasafiri. Lakini tunaongea kila Jumapili."

"Mpigie sasa hivi. Mwulize leo kwenye meza yake, lile beseni kaliweka wapi."

Kuan alisogea. Meno yalikuwa bado yako nje, lakini macho yalishaacha kucheka. "Shangazi, tunachelewa. Mwanga unaondoka."

"Jua la utosini hili, mwanangu. Mwanga unakwenda wapi?"

"Ya-wen, achana naye. Mzee huyu hana kazi."

Labda ni ile "achana naye". Mhandisi hapendi kukatazwa kujaribu jambo dogo kama hilo. Ya-wen alimtazama mchumba wake, akabonyeza simu yake ikiwa bado mikononi mwa mama mpiga picha, akaweka sauti ya nje.

Iliita.

"Mwanangu Ya-wen! Leo si Jumapili."

"Mama, samahani. Nataka kujua tu. Leo beseni umeliweka wapi?"

"Beseni? Beseni gani?"

"La kwenye meza, mama. Mbele ya nyumba."

"Aa, mwanangu, leo sina wageni, ya nini meza? Nimepika tambi zangu nimekula. Kwani kuna sherehe gani?"

Ya-wen akakata simu. Nyuma yake, ufukwe mzima ulikuwa meza na moshi wa udi.

"Mimi ninayelala na kompyuta nalijua beseni," akasema taratibu. "Bibi yangu alinichapa kwa kulisahau." Akainua macho. "Kuan. Yule ni nani?"

Njia ya mwongo ni fupi. Ya Kuan iliishia hapo.

Mkono mmoja ulikamata gauni mgongoni. Mwingine ulitoka na Glock ndogo, ya kufichwa kwenye suti, ukaikandamiza ubavuni mwa Ya-wen.

"Rudi nyuma, bibi kizee! Wote! Kalale ukasubiri mizimu ikufuate!"

Akaanza kumburuta. Maji ya vifundoni. Maji ya magotini. Yamaha ilikuwa hatua chache tu. Kule mbali, boti nyeupe ikawasha injini.

Bi Yen aliingia majini na mwavuli wake, akamfuata.

"Nasema rudi! Namuua!"

"Humuui. Akifa hana bei. Unauza kichwa chake wewe, utauza maiti?" Hakuacha kutembea. "Mimi mizimu naijua, kijana. Nimewazika wengi kuliko wewe. Yupo mmoja tu hapa anayeogopa."

Bastola ilihama. Ikatoka kwa Ya-wen, ikamwelekea Bi Yen kifuani.

Hicho ndicho alichokuwa akikitaka.

"Binti! Vibanio!"

Ya-wen alielewa hapo hapo. Mikono yake ilikwenda nyuma. Tap! Tap! Tap! Gauni lote likafunguka. Akainama, akachomoka kwa chini kama ngisi, na kaptula yake na fulana yake, akazama majini.

Kuan akabaki ameshika nguo tupu.

Akafyatua. Risasi ikatoboa mwavuli, ikaacha tundu kwenye marinda. Bi Yen aliinua ncha nje ya maji, akaruka, akampachika nayo shingoni.

Kuan alikakamaa, akaanguka kifudifudi juu ya gauni jeupe. Lai alikuja akichapa maji kwa kitambi, akamgeuza asije akafa maji, akamtia pingu.

"Mume gani anachelewa hivi?" Bi Yen akafoka.

"Nilikuwa natapika."

"Ufukweni?"

"Nimetazama boti kwa darubini muda mrefu."

Lai naye alikuwa na kifaa cha sikioni, na hakikuwahi kuzimwa. Mkuu alikuwa amesikia yote: beseni, tambi, risasi. Boti ya doria ilitokea upande wa bandari ya Houbihu ikipasua maji. Ile nyeupe ikageuka kukimbia. Haikufika popote.

Simu ya Ya-wen ikaita mikononi mwa mama mpiga picha. Yule mama mkwe. Ya-wen akaipokea, maji yakimchuruzika.

"Mwanangu, simu ilikatika. Picha zimekwenda vizuri?"

"Vizuri sana, mama. Mwanao amelala. Na wanaokutafuta wewe wako njiani."

Akakata. Akalia, kwa sauti, bila kujificha, na Bi Yen hakumwambia anyamaze. Mwaka mzima wa simu za Jumapili si mchezo.

Kisha Ya-wen akapangusa uso. Akaliokota shela lililokuwa likielea, akalikamua, akaliweka kichwani juu ya nywele zilizolowa. Akasimama mchangani na fulana yake na ndala moja.

"Dada, kamera bado inafanya kazi?"

Mama wa Hengchun alisita. "Inafanya. Lakini mwezi huu picha ya harusi ni nuksi, binti. Na bwana harusi…"

"Nani kasema ni ya harusi? Nimekuja likizo, sijatekwa, niko hapa. Piga."

Akapigwa picha. Kidevu juu.

Sauti ya Mkuu ikapasuka kwenye sikio la Lai. Lai akavua kifaa, akamsogezea Bi Yen.

"Yen. Ulivunja amri yangu."

"Ndiyo."

"Utastaafu Ijumaa."

"Nitastaafu nikichoka. Leo sijachoka."

"Yen, nakuonya…"

"Mawimbi, Mkuu."

Akalitumbukiza lile dude kwenye beseni la maji la meza iliyokuwa karibu, akachoma udi mmoja kwa heshima, kwa wenye siku yao. Kisha akafungua mwavuli wake wenye tundu, akapanda ufukwe kuelekea hotelini, na mumewe wa Idara akimfuata huku ndala zikipiga.

"Tunakwenda wapi?" Lai akauliza.

"Kitanda cha moyo kimelipiwa mpaka kesho."

Lai akasimama ghafla. "Mama watoto!"

"Nalala mimi. Wewe una kochi."