Trekta la Milioni Kumi na Tano

Asubuhi za likizo zilianza vilevile. Saa kumi na moja na nusu, bila kengele wala kiranja, Wakili alifumbua macho, akaketi wima kitandani na kusubiri kuhesabiwa. Miaka miwili ya bweni la wasichana ilikuwa imemwingia mwilini. Alipokumbuka kwamba yuko kwa shangazi yake, na kwamba hapo hakuna wa kuhesabiwa ila kuku, alikunja shuka pembe nne sawasawa, akatoka kufagia uwanja.

Jina hilo la Wakili hakupewa na wazazi. Alilipata shuleni, siku alipotetea katika mdahalo hoja kwamba kazi za nyumbani huharibu afya ya mwanafunzi. Alishinda, na mwalimu wa zamu akawazawadia washindi kazi ya nyumbani maradufu. Tangu hapo aliamini kuwa hakuna jambo duniani lisiloshindwa kwa maneno, mradi yasemwe kwa sauti kubwa na uso usiocheka. Alikuwa na umri wa miaka kumi na mitatu, jambo linaloeleza mengi.

Shangazi yake alikuwa mtu wa maneno machache. Alikuwa mwenyekiti wa kikundi cha familia tano zilizolima pamoja bondeni, na kwa miaka mitatu familia hizo zilikuwa zikichanga ili zinunue trekta dogo, lile linalopita kwenye njia nyembamba na kugeuka bila kubomoa ua wa jirani. Mwaka uliopita walikodi trekta la mtu. Liliwafikia wiki tatu baada ya mvua ya kwanza. Wakapanda wakati wenzao wanapalilia, wakavuna mabua.

Sasa mvua zilikuwa zimebakiza wiki tatu, na kikundi kilikuwa kimechoka kungoja. Katika kikao cha mwisho mfuga nyuki, aliyekuwa mkubwa wao kwa umri, alisema trekta hilo amelisikia vya kutosha, sasa anataka kuliona. Lisipofika Jumamosi, kila mtu achukue mchango wake akajipange kivyake. Wote walitikisa vichwa kukubali. Shangazi naye alikubali.

Siku hiyo ilikuwa Jumatano. Baada ya kufagia, kuteka maji na kulisha kuku, Wakili aliambiwa avae viatu. Shangazi alitaka mtu wa kumsomea maandishi madogo.

Mtaa wa zana za kilimo ulinuka mpira mpya na grisi. Maduka yalikuwa matatu tu. Mwenye duka la kwanza alikuwa na jozi mbili za miwani, moja machoni na nyingine kichwani, na Wakili akambatiza papo hapo Bwana Miwani. Uani kwake, chini ya trekta lililoinuliwa kwa jeki, ilichomoza miguu ya fundi.

Bwana Miwani alitaja milioni kumi na nane. Shangazi aliuliza habari za vipuri, akanyamaza. Akauliza habari za jembe la nyuma, akanyamaza tena. Bwana Miwani alishuka hadi kumi na saba na nusu, akasema hapo ndipo mwisho wake. Shangazi alimshukuru, akasema wanaenda kuuliza na kwingine. Mkobani mwake mlikuwa na karatasi ya benki iliyoonyesha akiba ya kikundi, milioni kumi na sita, wala haikuzidi hata senti moja.

Njiani Wakili alikuwa akichemka. Kwa macho yake, shangazi alikuwa akimezwa mzimamzima huku akisema asante. Kule kunyamaza kote alikuona kuwa ni woga.

Duka la pili lilikuwa la mama mmoja mnene aliyepanga bolti kwa ukubwa huku akiongea, bila kuzitazama. Mtaa mzima ulimwita Mama Bolti. Yeye alitaja milioni kumi na saba. Shangazi aliuliza habari za vipuri, akanyamaza. Hapo ndipo Wakili alipoona kwamba kesi inapotea, akasimama.

"Mama, utuwie radhi," alisema kwa sauti ya mdahalo. "Duka la pale juu wametupa kwa kumi na tano. Pamoja na trela. Na kofia mbili za dereva."

Zile kofia hakuzipanga. Zilitoka zenyewe.

Mama Bolti hakubisha. Alitazama mlangoni, ambako fundi mmoja alikuwa akiingia na mfuko wake wa spana, mgongo umejaa vumbi la uani. Mtaa ule ulikuwa na fundi mmoja tu aliyejua kuunganisha matrekta madogo, na aliyahudumia maduka yote matatu. Kila mtu alilijua hilo isipokuwa Wakili.

"Fundi, umetoka kwa jirani?"

"Sasa hivi."

"Eti hili wanaliuza kumi na tano, na kofia juu?"

Fundi alicheka, kisha akauona uso wa shangazi, kicheko kikamwishia kooni. "Kumi na saba na nusu," alisema polepole. "Huyu mama mwenyewe ndiye aliyeambiwa. Nilikuwa chini pale, nasikia."

Wakili alimtazama shangazi, na shangazi alikuwa akitazama sakafu, mkoba umebanwa kifuani kwa mikono miwili.

"Binti," alisema Mama Bolti, "nimeuza vitu hivi tangu hujaota meno. Nikishusha bei kwa hadithi, kesho watu watapanga foleni, kila mmoja na yake. Kumi na saba. Kwenu haishuki."

Duka la tatu lilikuwa na matrekta makubwa tu, yenye matairi marefu kuliko mlango wa nyumba yao. Wakarudi kwa Bwana Miwani, wakakuta habari zimewatangulia. Alivua miwani ya machoni, akavaa ya kichwani, akawatazama vizuri.

"Nasikia siku hizi nauza kumi na tano na kofia mbili," alisema. "Basi nirudi kumi na nane, nifidie hizo kofia."

Walikaa kwenye benchi la nje, jua likiwapiga miguuni. Wakili alingoja kugombezwa. Angalau angegombezwa angepata la kujibu. Shangazi alinunua maji ya kunywa, akampa yeye kwanza. Hilo lilimuuma kuliko kofi. Alitaka kusema samahani, lakini samahani ile alivyoipima ilikuwa ndogo mno, na Jumamosi ilikuwa palepale.

Jioni habari zilifika bondeni kabla hawajavua viatu. Mfuga nyuki alituma ujumbe kwamba ameshapata wa kumkodisha trekta, na Jumamosi asubuhi atakuja kuchukua mchango wake. Wengine wawili wakasema, kama yeye anatoka, wao wanabaki kufanya nini?

Binamu yake, binti wa shangazi aliyemzidi mwaka mmoja, alimkuta nyuma ya jiko akikwaruza sufuria lililokwisha kutakata.

"Wakili, kesi yako imeahirishwa hadi lini?"

"Niache."

"Nikuache vipi? Mama amechangisha watu miaka mitatu. Wewe umetumia dakika mbili."

Wakili hakukata rufaa. Alipiga hesabu ya pesa zake za matumizi shuleni, akaona kwamba asipokula chochote angeweza kuifidia ile milioni iliyopungua atakapokuwa na umri wa miaka sabini na mbili. Aliirudia hesabu. Jibu halikubadilika.

Alhamisi alfajiri shangazi alimwamsha, akamwambia achukue daftari na kalamu. Walitembea tangu asubuhi hadi alasiri, shamba hadi shamba, wakiwatafuta watu walionunua trekta la aina ileile msimu uliopita. Shangazi alisalimia, akauliza maswali yake mafupi, na akanyamaza mpaka mwenyeji akajaza kimya kile mwenyewe. Ndipo Wakili alipong'amua kunyamaza kule kulikuwa kwa nini, na akatamani ardhi impokee. Mkulima mmoja alitoa risiti: alinunua kwa Mama Bolti mwenyewe, miezi mitatu iliyopita, kwa milioni kumi na sita na nusu, pamoja na trela. Wa pili alinunua palepale bila trela, kwa kumi na tano na nusu. Wote wawili walikubali risiti zao zinakiliwe. Wakili alinakili kwa mwandiko wake bora, tarehe na vyote.

Ijumaa walirudi mjini. Mlangoni kwa Mama Bolti shangazi alisimama.

"Utaanza wewe," alisema.

"Nitasema nini, shangazi?"

"Yaliyotokea."

Wakili alisimama mbele ya meza ya bolti. Ile sauti ya mdahalo haikuja. Alisema shikamoo. Alisema ile kumi na tano aliitunga yeye, shangazi hakumtuma, na kofia pia alizitunga yeye. Alisema wanazo milioni kumi na sita tu, na kesho kikundi kinavunjika. Kisha akabaki amesimama pale na daftari.

Mama Bolti aliipanga bolti moja, kisha ya pili. "Marahaba," alisema. "Radhi nimekupa. Trekta bado ni kumi na saba."

Moyo wa Wakili ulishuka hadi kwenye soksi. Alidhani kusema kweli kungekuwa na malipo yake papo hapo, kama kwenye vitabu vya darasa la tatu. Hakukuwa na malipo. Alisogea pembeni, shangazi akakaa.

Shangazi aliomba bei iandikwe, kila kitu na bei yake: trekta peke yake, jembe peke yake, trela peke yake, usafiri peke yake. Mama Bolti alisita, kisha akaandika. Trela lilikuwa milioni moja na ushee, ndani ya ile kumi na saba. Shangazi akasema trela hawalihitaji, wana mikokoteni miwili. Ndipo akafungua daftari, akaliweka mezani, akanyamaza.

Mama Bolti alisoma muda mrefu. Zile zilikuwa risiti zake mwenyewe.

"Hawa niliwauzia kabla mzigo mpya haujaingia," alisema mwishowe. "Usafiri umepanda. Fundi hapa atakwambia."

Fundi alikuwa mlangoni. Shangazi alimgeukia, akamuuliza mbele ya mwenye duka umepanda kwa kiasi gani. Fundi akasema kwa kila trekta labda laki tatu, si zaidi. Mama Bolti alimkata jicho, lakini hakukanusha.

"Basi laki tatu ni haki yako," alisema shangazi. "Kumi na tano na nusu, ongeza laki tatu. Na matengenezo mawili ya kwanza yaandikwe humu kwamba ni bure. Ukikataa, sitakasirika. Nitakushukuru, niende nikawaambie wenzangu wachukue chao."

Hakupandisha sauti. Wakili alihesabu bolti kumi na moja zilizopangwa kabla Mama Bolti hajasema tena.

"Andika, fundi. Milioni kumi na tano na laki nane. Na kalete funguo."

Trekta liliingia bondeni Jumamosi saa tatu asubuhi, fundi akiliendesha, wakati mfuga nyuki amekwisha kuketi na mfuko mtupu magotini. Alilizunguka mara mbili, akapiga tairi teke, akaukunja ule mfuko. Hakuna aliyetaka tena mchango wake. Zilibaki laki mbili za dizeli.

Lakini kikao hakikuishia hapo. Shangazi alimsimamisha Wakili mbele ya watu wazima wote, naye akasimulia tangu kofia hadi daftari. Mtu mmoja alicheka. Mwingine aliguna. Alipomaliza hakujua akae au aendelee kusimama, maana hakuna aliyemwambia.

Mfuga nyuki ndiye aliyeuliza lile lililokuwa vichwani mwa wengi: mbona bei waliyolipa haikuwa mbali na ile ya uongo? Si mtoto alikuwa karibu kupatia?

"Alipatia bila kujua," alisema shangazi. "Kwa hiyo fundi alipotaja bei ya kweli, hakuwa na pa kushika." Alimgeukia Wakili. "Mwanangu, muuzaji anajua bei ya kila duka la mtaa ule. Ukimdanganya, unacheza uwanjani kwake. Sisi tunachojua ni shamba letu na mfuko wetu, na tunaweza kuuliza waliotutangulia. Uliza, andika, sema kweli, na uwe tayari kuondoka mikono mitupu. Bei ya haki hutafutwa kwa miguu. Jana tuliipata. Ungeweza pia kusema kweli yote ile tukaikosa, na bado ungepaswa kuisema."

Wakili aliitikia kwamba amesikia. Hakuongeza hoja.

"Sasa keti," alisema shangazi, na Wakili akaketi.