Barua ya Kujitoa, Faili WM 47

Ijumaa, saa tatu na dakika ishirini asubuhi, muuguzi aliyepanda ndege mbili kutoka ng'ambo kuja kutia saini mkopo wa nyumba aliambiwa kwenye kaunta ya benki kwamba hana mkopo. Amejitoa mwenyewe, kwa barua, tangu Jumatatu.

Saa tatu na nusu Mama Mafaili aliitwa ofisini kwa meneja, aje na faili husika. Jina hilo alipewa na wafanyakazi wenzake kwa sababu alikuwa ametunza mafaili ya benki ile miaka ishirini na sita, na kwa sababu alikuwa akiyasemesha. Aliingia akawakuta watu wanne. Meneja alikuwa nyuma ya meza. Pembeni yake alisimama afisa mikopo, mtu mpole mwenye shati lililopigwa pasi vizuri, aliyekuwa akimmiminia muuguzi maji kwenye glasi. Karibu na mlango alikuwa mdogo wake muuguzi, fundi umeme, ameshika kofia kwa mikono miwili.

Meneja alifungua faili, akasoma barua iliyokuwa juu kabisa. "Kuhusu faili WM 47. Nimeamua kujitoa katika ununuzi wa nyumba. Naomba ombi langu la mkopo lifutwe." Chini kulikuwa na saini, na muhuri wa mwanasheria wa ng'ambo, kama benki inavyodai kwa kila mteja asiye mkaazi.

"Saini inafanana na yangu," muuguzi alisema. "Lakini sijaandika barua hiyo."

Miezi saba alikuwa amehangaika. Anayeishi nje akitaka mkopo wa nyumba huombwa kila kitu isipokuwa jino lake la utoto: hati za mshahara, barua ya mwajiri, vyeti vya kodi, na kila karatasi lazima igongwe muhuri na mwanasheria wa huko. Alikuwa amevumilia yote hayo kwa ajili ya mama yao, aliyekuwa akilala sebuleni kwa fundi umeme na tayari amekwishafunga vyombo vyake kwenye maboksi. Na sasa mwenye nyumba, baada ya kusikia kwamba mnunuzi amejitoa, alikuwa amekubaliana na mtu mwingine. Wangetiliana saini leo saa kumi alasiri. Kesho asubuhi muuguzi alipaswa kurudi kazini, ndege mbili zilezile.

Meneja hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa na woga wa kimeneja. Alieleza kwamba hawezi kumwandikia mwenye nyumba barua ya kutengua kujitoa huku ana karatasi yenye muhuri. Aletewe ushahidi kwamba ni ya kughushi, na amjue aliyeghushi, hapo ataandika.

"Nani huleta bahasha zake hapa?" aliuliza.

"Mdogo wake," afisa mikopo alijibu kwa upole, kama anayesikitika. "Zinafikia kwake, yeye ndiye huzileta. Hii ilikutwa kwenye trei ya mapokezi Jumatatu, kwenye bahasha yenye stempu za ng'ambo. Hakuna aliyemwona aliyeiweka."

Macho yote yakamgeukia fundi umeme. Ilijulikana, maana muuguzi mwenyewe alikuwa ameshamweleza afisa mikopo kwenye simu, kwamba ndugu hao walikosana. Fundi alitaka dada yake ajenge kwenye kiwanja chake badala ya kununua nyumba ya watu. Miezi miwili hawakusemeshana ila kwa mambo ya bahasha.

"Ni wewe?" muuguzi aliuliza.

 Fundi alivaa kofia yake ndani ya ofisi ya watu, akatoka. Meneja alinyoosha mkono kwenye simu awapigie polisi. Mama Mafaili alimwomba asubiri hadi saa tisa. Meneja alishangaa, kwani kwa miaka yote hiyo mama yule hakuwahi kuomba kitu zaidi ya wino wa mihuri.

Mama Mafaili hakuridhika. Barua ile aliitoboa na kuifunga kwenye faili yeye mwenyewe Jumatatu, na tangu asubuhi kulikuwa na kitu kikimsumbua mikononi, si kichwani. Alirudi kwenye chumba chake kisicho na dirisha, akalifungua faili upya, ukurasa baada ya ukurasa. Karatasi zote za muuguzi zilikuwa na mkunjo upande wa kulia. Mikunjo hiyo aliifanya yeye kwa rula, moja moja, akinung'unika. Karatasi za nchi ile ni fupi kidogo kuliko za hapa na ni pana zaidi. Usipozikunja hujitokeza nje ya jalada na kuchanika.

Barua ya kujitoa haikuwa na mkunjo. Aliipima. Ilikuwa karatasi ya hapahapa.

Saa sita na robo alimkuta muuguzi kwenye benchi la korido, akamuuliza kama mwanasheria wake ana karatasi za aina nyingine. Muuguzi alisema miaka kumi na moja hajaona karatasi kama za nyumbani huko. Kisha akaelewa maana ya swali, na uso ukamsawijika.

"Kwa hiyo imeandikwa hapa," alisema. "Basi ni yeye kweli, mama."

Mama Mafaili alijuta kuuliza. Alikuwa ameutafuta ushahidi wa kumwokoa mtu, na sasa ulikuwa unamzamisha. Alikaa pembeni ya muuguzi, akauliza swali la kupoteza muda tu: namba ya ombi lake alikuwa akiikumbuka? Muuguzi aliitaja bila kufikiri, tarakimu tisa, akasema ameiandika kwenye kila barua hadi anaiota.

"Na WM 47 je?"

"Hiyo nimeisikia leo kwa meneja."

Mama Mafaili alisimama haraka hata goti likamlalamikia. WM 47 ilikuwa namba ya rafu. Aliiandika yeye mwenyewe kwa wino mwekundu siku faili lilipohamishiwa upande wa wateja wasio wakaazi, na wateja hawaambiwi. Fundi umeme hakuwahi kuiona. Aliyeandika barua ile alikuwa na faili mbele yake, na huko ndiko alikopata muhuri wa kunakili na bahasha kuukuu. Daftari la kuazima mafaili lilionyesha kwamba tangu lihamishwe, WM 47 lilikuwa limetoka mara moja tu, Alhamisi ya wiki iliyopita, saa kumi na moja jioni. Sababu: mapitio. Saini ilikuwa ya afisa mikopo. 

Hata hivyo afisa mikopo kusoma faili la mteja wake si kosa. Saa saba na nusu alimpigia dalali wa nyumba ile, kuuliza mnunuzi mpya ni nani. Dalali alidhani anasakamwa, akaanza kuapa. Alipotulia alisimulia kwamba Jumanne alipigiwa na mwanamke mmoja fundi cherehani, aliyemwambia mnunuzi wa kwanza amejitoa, wakati yeye dalali mwenyewe alikuwa hajui. Alipotaka kumpeleka kuiona nyumba, mwanamke alisema haina haja, mapazia ameshashona. Dalali akamtajia Mama Mafaili namba ya simu ya mwanamke huyo.

Mama Mafaili alitunza pia mafaili ya wafanyakazi. Alifungua ukurasa wa ndugu wa karibu katika faili la afisa mikopo, akailinganisha namba. Ilikuwa ileile.

Saa tisa kasorobo wote walikuwa ofisini tena. Fundi umeme aliletwa na mlinzi kutoka kwenye ngazi za nje, alikokuwa ameketi muda wote. Mama Mafaili aliweka mezani barua, rula na daftari la kuazima, akaeleza karatasi, akaeleza namba ya rafu. Afisa mikopo alitabasamu, akasema yeyote angeweza kuchungulia faili.

"Sawa," alisema Mama Mafaili. "Mkeo ameshona mapazia ya madirisha mangapi?"

Afisa mikopo alikuwa na glasi ya maji mkononi. Aliiweka chini taratibu sana.

"Saba," alisema. Kisha akaendelea. "Miaka kumi na minne naandika 'imeidhinishwa' kwenye nyumba za watu. Sisi tunapanga vyumba viwili. Siku ya kukagua nyumba ile nilikuwa na mke wangu kwenye gari, akaingia kuomba maji ya kunywa. Alitoka hapo analia. Mkopo wangu wa mfanyakazi ulikuwa umetoka, na nyumba ya bei ile haipo tena mji huu." Alimgeukia muuguzi. "Nilijiambia wewe uko mbali. Utapata nyingine."

"Na mdogo wangu?"

Kwa mara ya kwanza siku ile afisa mikopo aliona aibu waziwazi.

Meneja aliandika barua kwa mkono wake, jasho likimtoka, na dereva wa benki akaikimbiza kwa mwenye nyumba. Saa kumi kasoro dakika sita simu ililia: mwenye nyumba ameghairi kusaini na yule mwingine, mnunuzi ni yuleyule wa kwanza. Muuguzi alifunika uso kwa viganja, akalia kimyakimya. Kisha fomu za mkopo zikatandazwa mezani, akatia saini ukurasa mmoja mmoja.

Wa mwisho ulihitaji mashahidi wawili. Mama Mafaili alisaini kwanza. Muuguzi akachukua karatasi, akaipeleka mlangoni alikosimama mdogo wake.

"Asubuhi uliniita mwizi, dada. Mbele za watu."

"Ndiyo," alisema. "Nilikuita."

 Karatasi aliendelea kuishikilia mbele yake.

Fundi alivua kofia. "Nipe kalamu," alisema. "Mama amekalia maboksi tangu juzi."