Mwau Alipozima Spika

Soko la Mwingi siku ya mnada wa mbuzi lina kelele ya kutosha, halihitaji nyingine. Ndiyo maana Kalunde, alipoona kijana wa kofia nyekundu ameegesha pikapu karibu na ungo wake wa ndengu na kuanza kutangaza mkutano wa injili kwa spika nne, aliinuka, akajipangusa vumbi kwa leso, akaenda akachomoa waya.

"Asi! Dada, hiyo ni kazi yangu!"

"Na haya ni masikio yangu. Ama umeona mengine ya kubadilisha?"

Kijana akacheka. Alikuwa na cheko zuri, jamani, la mtu asiyejua kununa. "Naitwa Mwau. Nikija kesho nitapita polepole."

"Ukija kesho, kuja na chai."

Alikuja na chai, na mandazi juu. Haukupita muda mrefu kabla hajaanza kumwita mwendwa, yaani mpenzi kwa Kikamba, naye Kalunde akaanza kuvaa ile blauzi ya manjano hata siku za kazi. Wenzake wakamcheka wee, mpaka wakachoka.

Lakini Kalunde hakuwa mtu wa mapenzi peke yake. Alikuwa mwenyekiti wa wanawake wanaochagua ndengu kwenye stoo kubwa zinazozunguka soko. Hukaa chini kutwa wakitoa mawe, watoto wao wamelala vivulini mwa malori, na anayeumia huambiwa aende nyumbani. Walikuwa wamebisha milango ya kaunti mpaka mswada ukaandikwa: kivuli, chumba cha watoto, na matibabu kwa kila kibarua, hata Sauda, rafiki yake aliyetoka ng'ambo ya mpaka wa Somalia na hana kitambulisho. Kilichobaki ni kikao cha maoni ya wananchi. Wanawake wasipofika, wenye stoo wangeuzika mswada huo mchana kweupe.

Wiki iliyotangulia kikao, Kalunde alikuwa kwao Kanyangi akimuuguza mama yake, na huko simu hushika ukipanda kilima. Alirudi Jumatatu jioni. Jumanne asubuhi, akiwa katikati ya gunia, simu ikalia.

"Mwendwa, mko wapi?" Ilikuwa sauti ya Mwau, ya chini. "Niko ukumbini na mitambo yangu. Kikao kinaendelea, na hapa ni wenye stoo watupu!"

"Kikao gani?"

"Kaunti si ilinilipa nikitangaze, na nilitangaza Jumamosi mji mzima!"

Kalunde akawageukia wanawake. Hakuna aliyesikia lolote. Damu ikamchemka.

"Mji mzima isipokuwa soko. Wamekununua, Mwau? Sema tu!"

"Kalunde, ngoja nikueleze..."

Akakata. Machozi yakamtoka na hakuyaficha. Kumbe mtu anaweza kukuletea mandazi na bado akakuuza!

"Jumamosi?" Sauda akasema, akiweka ungo chini. "Jumamosi si tulikuwa na msiba? Mwili wa Mzee Ndeti ulipitishwa hapa sokoni. Mwau alifika, akaona watu wanalia, akazima spika na kuvua kofia. Ungependa atangaze juu ya jeneza?"

Kalunde akaona aibu mpaka vidoleni. Akapiga simu mwenyewe.

"Ulizima kwa sababu ya msiba."

"Nilizima. Lakini nilifaa kurudi, na sikurudi. Hilo ni kosa langu, sitalikana."

"Tutagombana baadaye. Weka simu kwa maiki."

Ukumbini, mwenyekiti wa kamati ya bunge la kaunti, mheshimiwa Kaveke, alikuwa tayari anakunja miwani. Mwau akasimama, jasho likimtoka. "Mheshimiwa, kuna mwananchi kwa simu."

"Haturuhusu simu!" akafoka Musyimi, mwenye stoo mbili.

"Ni wapi imeandikwa lazima mwananchi awe kwa kiti?" Kaveke akavaa miwani tena. "Aongee."

Sauti ya Kalunde ikajaa ukumbi, na nyuma yake nyayo za wanawake, maana walikuwa wameshaanza kutembea.

"Naitwa Kalunde. Ndengu mnayokula imepita mikononi mwetu. Syombua alivunjika mkono gunia likimwangukia. Alifungwa kwa leso, akaambiwa aende. Hatuombi kuhurumiwa. Tunaomba kazi yetu iitwe kazi."

"Na hao wageni je?" Musyimi akapaza sauti. "Si warudi kwao!"

"Sauda amekuchagulia ndengu tangu ufungue stoo. Akirudi kwao leo, kesho utauzia watu mawe!"

Ukumbi ukapasuka kwa kicheko. Na kabla hakijaisha, mlango ukafunguliwa. Waliingia wote, vumbi mpaka kwenye nyusi, watoto migongoni, nyungo mikononi, Kalunde mbele na blauzi yake ya manjano. Viti havikutosha. Kaveke akaagiza kila jina liandikwe na kila mmoja asikizwe, na wakasikizwa mpaka jua likainama.

Mswada ulipita Kitui, makao ya kaunti, mwezi uliofuata, vibarua wote ndani, wa hapa na wa mbali. Nje ya bunge la kaunti wanawake walipiga vigelegele mpaka bodaboda zikasimama kutazama. Sauda alilia waziwazi, akirudia, "Na mimi nimo! Na mimi nimo!"

Mwau akamvuta Kalunde pembeni, kofia mkononi.

"Nimetenga mbuzi watatu. Wa ntheo, wale wa kufunga ndoa kimila. Nataka kuwapeleka Kanyangi kwa mama yako, watu waseme umeolewa kisawasawa."

Kalunde akamtazama kwa jicho la pembeni. "Unauliza ama unatangaza?"

"Nauliza, mwendwa." Sauti yake ilikuwa ndogo hata Sauda akasogea asikie.

Kalunde yeye alijibu kwa sauti ya soko.

"Nimekubali! Lete Jumamosi! Na ole wako wawe wamekonda!"