Alikosea Makusudi Mwezi wa Saba

"Rudia tena, Kendrell. Safari hii bila kucheka."

Kendrell Guidry akajiweka sawa kitini, akaitazama kamera. Ilikuwa Jumatano asubuhi, chumba cha hoteli mjini Phoenix, siku nne kabla ya fainali ya futiboli ya Kimarekani, ule mchezo wa kukumbana na kubeba mpira mikononi. Kesho yake jioni angetangazwa Mchezaji Bora wa Msimu, na hilo halikuwa siri kwa mtu. Ila mchezaji ambaye timu yake iko fainali haendi kwenye sherehe ya tuzo. Anarekodi shukrani zake mapema, halafu watu wa kwao ndio wanapanda jukwaani kumpokelea.

"Namshukuru Mungu," alianza. "Namshukuru mama yangu Verlene, aliyenilea kule mjini Mobile. Namshukuru na mke wangu... mke wangu..."

Akakwama. Mara ya tatu hiyo.

Watu wa kamera wakaangua kicheko.

"Kaka, leo utalala kwenye kochi!"

Odessa, mkewe tangu miaka sita iliyopita, akacheka nao. Lakini alikuwa ameyaona macho ya mumewe. Yule mwanaume hakuwa anatania hata kidogo. Alikuwa analitafuta jina la mkewe kichwani na halioni.

Akachukua karatasi, akaliandika kwa herufi kubwa, akaishika juu ya kamera. Kendrell akalisoma, kazi ikaisha.

Walipobaki wawili, Odessa alifunga mlango.

"Ni lile pigo la nusu fainali, sivyo? Ulilopigwa kichwani."

"Nilipimwa, nikafaulu."

"Ulifaulu vipi wakati jina langu limekupotea?"

Kendrell akacheka, akamvuta mkono.

"Njoo nikupe siri ya kazi. Mwezi wa saba, kabla msimu haujaanza, wote tunafanya jaribio kwenye kompyuta. Kumbuka maneno, kumbuka maumbo. Hicho ndicho kipimo chako ukiwa mzima. Sasa wakongwe wanakufundisha: siku hiyo jifanye zuzu. Kosea makusudi! Ukija kugongwa wakakupima tena, alama zinalingana, unarudishwa uwanjani."

"Mungu wangu. Na wewe ulifanya hivyo?"

"Misimu saba. Timu yetu nzima ya Birmingham hakuna zuzu kama mimi."

"Ken, huko ni kujichimbia kaburi!"

"Imebaki Jumapili moja. Moja tu, mke wangu! Nimeanza kukimbia na mpira nina miaka sita. Niapie hutamwambia mtu."

"Siapi."

Kicheko kikatoweka usoni mwa Kendrell.

"Ukifungua mdomo, mimi na wewe basi. Niapie."

Odessa akaapa, huku akijichukia.

Alhamisi alasiri alikuwa anavaa kwa ajili ya sherehe pamoja na mama mkwe wake. Akashindwa kuvumilia.

"Mama, Ken ni mgonjwa. Asicheze Jumapili."

"Nani kasema?"

"Mimi."

"Ala! Umeanza udaktari lini?" Mama Verlene alikuwa mbele ya kioo, anahangaika na hereni. "Nisikilize, binti. Miaka yote hii nimefua jezi za yule mtoto kwa mikono yangu. Ukimharibia siku yake, kwangu usikanyage tena."

Simu ya Odessa ikalia. Ujumbe wa Kendrell:

"Mpenzi umeshatua Phoenix? Nikutumie gari uwanja wa ndege?"

Asubuhi ileile walikuwa wamekula mayai na uji wa mahindi meza moja. Odessa akampa mkwewe simu asome.

"Anatania," alisema Mama Verlene, lakini sauti ilikuwa imepungua.

"Mpigie mwenyewe basi."

Akapiga, wakaweka sauti ya wazi.

"Mama! Mmependeza?"

"Sana, mwanangu. Unajisikiaje?"

"Chuma! Hivi baba ameshavaa? Mwambie ile tai ya kijani aiache, atatutia aibu kwenye televisheni."

Mama Verlene akakaa kitandani taratibu. Mumewe walimzika miaka minne iliyopita, na Kendrell ndiye aliyeshika jeneza upande wa mbele.

"Mama? Upo?"

"Nipo, baba. Nitamwambia."

Akakata simu. Hereni ya pili hakuivaa tena.

"Mpigie daktari wa timu," alisema.

Odessa akampigia, akamweleza yote: jaribio la mwezi wa saba, jina, tai ya kijani.

"Shemeji," daktari alijibu, "hayo mimi sijayasikia. Nenda kapokee tuzo."

Saa kumi na mbili jioni jina likasomwa, ukumbi ukalipuka makofi. Kwenye skrini kubwa Kendrell akatabasamu, akamshukuru mkewe kwa jina, vizuri kabisa. Wanawake wawili wakapanda jukwaani. Aliyepangwa kuongea ni Mama Verlene, lakini aliipokea tuzo, akaikumbatia, akarudi nyuma hatua moja.

"Sema wewe," alimnong'oneza Odessa. "Mimi nikisema nitaanguka."

Odessa akakishika kipaza sauti.

"Mume wangu leo ameuliza kama baba yake ameshavaa. Baba yake ni marehemu."

Makofi yakafa.

"Aligongwa kichwa siku kumi na moja zilizopita. Amefaulu vipimo kwa sababu mwezi wa saba alikosea makusudi. Wengi wenu mnajua ninachosema, ndiyo maana mnaangalia viatu vyenu. Niliapa nisiseme, na nimesema. Ligi impime upya leo, kwa daktari asiyelishwa na timu yetu. Asanteni kwa tuzo."

Hakuna aliyepiga makofi. Meza ya mbele, bingwa mmoja wa zamani alikuwa anauliza kwa sauti kubwa wapo wapi, na mkewe anamfuta mdomo kwa kitambaa.

Kabla hawajafika garini, ujumbe ukaingia:

"Umenivua nguo mbele ya dunia. Usije."

Odessa akaenda hotelini hivyohivyo. Alimkuta mlangoni daktari wa ligi, mwanamke mfupi asiyecheka, anapiga simu kuita gari la wagonjwa.

"Naogopa damu inavuja ndani ya kichwa," alisema. "Angegongwa tena Jumapili, mngekuwa mnachagua nguo za msiba."

Jumapili Kendrell alikuwa hospitali, mapazia yamefungwa, televisheni imezimwa kwa amri. Aliongea bila kumtazama mkewe.

"Wamefungwa fainali?"

"Wamefungwa."

"Kwa sababu yako."

"Ndiyo. Kwa sababu yangu."

"Wenzangu hawapokei simu zangu. Hata mmoja! Nilikuambia ukisema, mimi na wewe basi."

"Uliniambia."

"Sijakusamehe."

"Usinisamehe!" Machozi yakamtoka Odessa, akayaacha. "Ninunie, nigombeze, nitangaze kwa watu kwamba mimi ni msaliti. Ninunie mpaka tuote mvi wote wawili. Mimi nataka uwe hai ili uninunie, basi."

Kendrell akageukia ukutani. Alikaa hivyo mpaka nesi akaja akapima presha, akatoka. Kisha Kendrell akasogea pembeni, akaacha nafasi kitandani. Odessa akavua viatu, akapanda.