Nilicheza kwa Jina la Mdogo Wangu

Mimi ni mwanamume wa miaka thelathini na miwili, mzaliwa wa Temeke. Kwenye pasi yangu ya kusafiria nina ishirini na sita! Hapa Guangzhou, China, wananiita Idrisa... Idrisa ni mdogo wangu wa tumbo moja.

Msishangae, ndugu wasomaji. Mimi ni mchezaji wa besiboli wa kulipwa. Kazi yangu ni kusimama nyuma kabisa ya wenzangu na kudaka mipira mirefu. Wakala alipokuja Dar kutafuta wachezaji, alisema hataki mtu aliyezidi miaka ishirini na miwili. Mimi nilikuwa na ishirini na minane. Wanamichezo wangapi kwetu hawapunguzi umri? Nikachukua cheti cha kuzaliwa cha Idrisa kabatini kwa mama, nikakatia pasi. Hata kumwomba sikumwomba!

Miaka miwili nilivimba kichwa. Nikidaka mpira, uwanja mzima unalishangilia jina la mdogo wangu, nami napunga mkono bila haya.

Kisha Idrisa akapata kazi ya ubaharia. Alipokwenda kuomba pasi, akaambiwa Idrisa anayo tayari, na yuko China... Akanitumia ujumbe wa sauti, analia.

"Shikamoo kaka. Nenda ubalozini ukaseme ukweli. Meli inaondoka mwezi ujao. Nirudishie jina langu, kaka!"

Ningefanyaje? Nikisema, mkataba unakufa, na huenda nikafungwa. Nikiomba kuacha timu bila kutaja sababu, laoban, yaani bosi wetu, hakubali, kwani mkataba unamruhusu kuniongezea mwaka bila kuniuliza. Nikamwambia Idrisa avute subira msimu uishe. Msimu ukaisha, nikaongezewa mwingine, nikanyamaza. Mwoga mkubwa mimi!

Meli ikamwacha. Mdogo wangu akachoka kusubiri, akafanya kama nilivyofanya mimi. Alichukua cheti cha binamu yetu... akakamatwa! Sasa ni mfungwa.

Juzi mama alinipigia. Hakunilaani. Angenilaani ningepata nafuu! Alisema tu, "Mwanangu, njoo umwone mwenzio."

Vijana wenzangu, nawasihi, kama umri umekupita, kubali umekupita! Cheti cha ndugu yako kiache kabatini. Mimi najifikiria kila siku nimesimama kwenye geti la gereza. Askari ataniuliza, "Wewe nani, na umekuja kumwona nani?"

Nitamjibu nini, jamani?