Sita za Nesta

Mwaka 1953, kila asubuhi baada ya sala, Nesta alitumwa bondeni Mbangala kwenye chemchemi ya maji moto. Maji yale yalikuwa na ukali kama wa ndimu. Wapimaji waliotaka kuyapitisha kwenye mabomba walizamisha humo vipande vya shaba ya manjano vilivyofungwa nyaya za mita. Maji yakiila shaba sana, mshale wa mita hupanda. Baba yake, Mbonile, alilinda mahali hapo. Hakujua tarakimu, hivyo Nesta wa darasa la nne ndiye aliyeandika namba daftarini.

Jumamosi msimamizi, Bwana Damiano, alipima kipande kimoja kwenye mizani, akakunja uso.

"Mbonile, shaba imepungua mno. Daftari linasema mshale ulikaa chini, kwenye sita, wiki nzima. Nani ameikwangua?"

"Sijaigusa, bwana."

Isaka, mpagazi, akacheka. "Ukoo wa wahunzi huo! Kawatazameni wake zao, bangili za shaba hadi viwikoni!"

"Kesho kutwa nakupeleka polisi," Damiano akasema.

Mbonile akamgeukia binti yake. "Mwanangu, wewe ndiye uliyesoma mita. Waambie."

Nesta alitazama chini. Akahisi hata baba yake ameanza kumshuku.

"Nilisoma Jumatatu tu," akasema kwa sauti ndogo. "Siku nyingine kulikuwa na ukungu, nikaishia kwa rafiki yangu Loisi kuota moto. Nikaandika sita, sita, sita."

"Anamkinga baba yake huyo!" Isaka akadakia.

Damiano naye hakuamini. Akainama kwenye mita. Mshale ulikuwa kwenye kumi na tisa. Akazamisha kipande kipya alichokipima mbele ya wote, akafunga kwa kufuli kisanduku cha matundu kilichokizunguka, ufunguo akautia mfukoni. Siku tatu alisoma mshale mwenyewe, haukushuka.

Siku ya nne alifungua, akapima. Shaba ilikuwa imeliwa, na hakuna mkono ulioigusa.

"Nisamehe, Mbonile," akasema. "Nilishuku ukoo wako kabla ya kuchunguza maji."

Isaka akajifanya anafunga mzigo.

Njiani kurudi, Mbonile hakumgombeza Nesta. Walipokaribia nyumbani, akasimama.

"Ulidhani unajiepusha na baridi tu, mwanangu. Kumbe namba zako za kubuni zilikuwa zinanipeleka jela. Siku usipofika, acha mstari mtupu. Mstari mtupu haumfungi mtu."