Uzi wa Kidole cha Paskazia

Jioni moja ya Januari 1994 nilitoka Ifakara mjini kwa baiskeli kwenda Lumemo kununua pete ya uchumba. Mfukoni nilikuwa na uzi mweusi wenye mafundo mawili. Urefu kati ya fundo na fundo ndio uliokuwa kipimo cha kidole cha Paskazia, mchumba wangu. Nilikipima mchana huo, amelala kivulini kando ya jaruba la mpunga, ili asijue.

Ilikuwa pete ya pili. Ya kwanza, ya fedha yenye jiwe, ilidumu wiki tatu. Paskazia alilima, alipandikiza mpunga, alipiga kasia. Jiwe liling'okea kwenye tope. Pete ikapinda kwenye mpini wa jembe.

"Usiniletee pambo tena, Edward," aliniambia. "Niletee kitu kinachojua kazi."

Mama Verediana, mjane wa fundi wa pete, alikuwa anafunga kibanda chake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Bwana harusi gani huyu, tope mpaka magotini!" Alicheka. "Mwenzio anafanya kazi gani?"

"Mkulima. Hakai chini."

Akasukuma pete pembeni moja moja. Dhahabu ni laini, itapinda. Shaba itampaka ukijani. Yenye jiwe itanasa miche. Mama Verediana alikuwa anatafuta pete bapa, nene, isiyo na ncha.

"Lete kipimo."

Nikampa uzi. Akaunyoosha kwenye taa.

"Alicheka ulipomfunga?"

"Alikuwa amelala."

Vidole vyake vikasimama.

"Amelala..."

Kwetu aliyelala hapimwi. Anayepimwa akiwa amelala ni maiti, kwa unyasi wa tete, ili wachimba kaburi wajue urefu. Nililijua hilo. Nilidhani kidole hakihesabiki.

Hakucheka tena. Aliingia ndani. Nikasikia sanduku likiburutwa. Kisha harufu... tope bichi la jaruba, na sakafu ilikuwa kavu.

Alitoka na pete ya chuma. Marehemu mumewe aliichonga kutoka beringi ya trekta. Haikuwa na mkwaruzo hata mmoja.

"Imelima misimu ishirini," alinong'ona.

"Aliyekuwa akiivaa yuko wapi?"

"Shambani."

Uzi wangu akaufunga kwenye msumari ukutani. Palikuwa na nyuzi nyingine.

Pete ilimkaa Paskazia barabara. Siku ya kwanza alipanda jaruba zima. Siku ya pili, mawili. Jirani yetu Kija alisimamisha ng'ombe wake kutazama.

"Edward, wewe umeposa trekta!"

Nilicheka. Wiki mbili nilicheka, maana mpunga ulikuwa mzuri.

Wiki ya tatu nilimkuta shambani saa saba mchana, juani. Miche ilikuwa imekwisha. Yeye alikuwa bado ameinama, anachomeka vidole vitupu kwenye tope. Kucha tatu hazikuwepo.

"Pumzika, Paska."

"Siwezi." Hakugeuka. "Mwambie aniachie."

"Nani?"

"Huyu aliyenishika mkono."

Hapakuwa na mtu.

Sabuni haikuitoa pete. Mafuta hayakuitoa. Msumeno wa chuma uling'oka meno. Mama yake alimfunga mikono kwa kanga akamlaza. Vidole vikaendelea kuchomeka godoro kama vinapanda mpunga.

Nilirudi Lumemo. Mama Verediana hakushangaa kuniona.

"Inatoka?" nikamuuliza.

"Inatoka. Siku ukija uzi mwingine kama wako." Akanionyesha benchi. "Kaa. Mimi mteja simshawishi. Atakuuliza wewe kama pete inafaa."

Nilikaa siku nne. Waliokuja walikuwa wamewapima wachumba wao wakiwa macho.

Siku ya tano, jua linazama, akaja kijana mfugaji kutoka Kisawasawa. Alisema anaitwa Ndaki. Mchumba wake Kabula alikamua ng'ombe alfajiri na jioni, na pete mbili zilishakatika.

"Nimempima amelala," alisema, akitoa uzi. "Hajui kitu. Anakoroma huyo!"

Mama Verediana aliingia ndani. Sanduku likaburutwa... Akarudi na pete ile ile niliyoiacha kidoleni mwa Paskazia. Ilikuwa na tope bichi. Ndani yake palikuwa pamenasa ngozi. Aliifuta kwa kanga kabla Ndaki hajaiona.

Mimi niliiona.

"Kaka," Ndaki akaniuliza, "hizi unazijua? Zinadumu?"

Ningeweza kumwambia. Tulikuwa watatu tu pale, na hakuna aliyenizuia.

"Inadumu," nikasema.

Nilipofika nyumbani kidole cha Paskazia kilikuwa kitupu mpaka kwenye nyama. Alikuwa amelala. Juni tulifunga ndoa kwa pete ya shaba.

Mwaka 1997 nilipita Kisawasawa ndani ya lori, saa saba mchana. Kando ya barabara palikuwa na zizi bovu, halina ng'ombe. Mwanamke alikuwa amechuchumaa katikati, anakamua hewa. Mkono wa kushoto ulikuwa na kitu kinachong'aa.

Dereva alipunguza mwendo. "Unamfahamu?"

"Simfahamu. Twende."

Jioni hiyo nilimweleza Paskazia yote: uzi, benchi, Ndaki. Alisikiliza hadi mwisho. Kisha akauliza jambo moja tu.

"Ulinipima nikiwa nimelala?"

Tangu siku hiyo hafumbi macho kabla yangu. Hungoja nilale kwanza.

Juzi niliamka na alama kwenye kidole cha pete. Nyembamba. Ya mviringo.

Kama ya uzi.